Kazi ya Vitasa na Funguo: Tuisomee kwa Vitabu

(Mazungumzo na vijana baada ya Swala ya Alasiri, mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Nimeombwa nizungumze juu ya kijana na riziki. Kila Ramadhan tunaambiwa tusikae barazani. Sawa, tusikae, lakini tuende wapi? Hapo mzungumzaji huwa ameshatoa salamu na kuteremka! Kwa hivyo leo nachukua kazi moja tu, ya vitasa, makufuli na funguo, na naomba tuitolee pesa: tununue vitabu vyake na tulipie mafunzo yake.

Naona wengine mnacheka. Mzee amelipa karo miaka minne, KCSE imefanywa, halafu kijana akachonge funguo chini ya mwavuli? Basi tumuulize Imam Ghazali. Katika Ihyaa Ulumid-Din amezihesabu kazi kama ukulima, ufumaji na ushonaji kuwa ni fardhi kifaya, yaani mji ukikosa kabisa wa kuzifanya, wote wana dhambi. Na Nabii Daud (A.S.), mfalme mzima, Bukhari amepokea kwamba alikula jasho la mkono wake. Chuma ndicho kilichokuwa kazi yake.

Na elimu ya kufuli si ngeni kwetu. Al-Jazari, fundi wa watawala wa Artuq kule Diyarbakir, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake cha mashine, na ndani yake ameeleza kufuli ya sanduku inayofunguka kwa kuzungusha herufi kwenye visahani vinne. Miaka mia nane iliyopita! Tazameni kwamba hakuiunda tu, aliiandika, akachora na picha.

Kwa nini kitabu, na hali fundi wa mtaani hana kitabu na anakula? Hapa ndipo penye jambo lenyewe, nivumilieni kidogo.

Kitasa cha silinda, hiki cha ufunguo bapa ambacho Linus Yale mdogo wa Marekani alikipatia hataza mwaka 1861, ndani kina pini ndogo zilizopangwa mbili mbili, ya chini na ya juu, na springi inazisukuma. Ufunguo sahihi unainua kila jozi kwa kimo chake, mpaka pale pini mbili zinapokutana pawe sawasawa na ukingo wa silinda. Ndipo inazunguka. Jozi moja ikizidi au ikipungua kidogo tu, umekwama nje na mfuko wako wa sambusa.

Sasa, wengi wa mafundi wetu wananakili. Unampa ufunguo, anaufuatisha kwa mashine au kwa tupa. Lakini ufunguo uliotumika miaka kumi meno yake yamelika, na ukiunakili umenakili na kulika kwake. Nakala ya nakala ya nakala, mwisho haifungui. Aliyesoma anajua kila aina ya kitasa ina vina vyake maalum vya kuchonga, vimeandikwa katika majedwali. Anapima, anatafuta kina cha asili, anakupa ufunguo kama ulivyotoka kiwandani. Hilo hulipati kwa kutazama mkono wa mwenzio, lazima liandikwe na lisomwe. Na gari je? Toyota nyingi tulizonazo zina ufunguo wenye chipu. Ukichonga meno tu, mlango utafunguka lakini injini haitawaka.

(Tena, kwa mama zetu: msitie mafuta ya kupikia ndani ya kufuli. Yanashika vumbi na kuganda. Saga risasi ya penseli, utie unga wake.)

Vitabu vipo. Cha Bill Phillips, The Complete Book of Locks and Locksmithing, kimetolewa mara nyingi na kinafaa kuanzia, ila ni cha Kimarekani, na milango yetu mingi ina vitasa vya leva vya mtindo wa Kiingereza. Kwa hivyo kisomeni pamoja na kile alichokihariri Charles Tomlinson mwaka 1853, ambacho kwa ukongwe wake kinasomwa bure kwenye intaneti. Ndani yake mna habari za Hobbs, Mmarekani aliyefika maonyesho ya London mwaka 1851 akafungua kufuli ya Chubb, kisha ya Bramah iliyowekewa zawadi ya ginea 200. Ya pili ilimchukua saa 51 kwa siku 16. Subira hiyo ndugu zangu, na sisi dakika ishirini za taraweh tunaangalia saa!

Pesa sasa. Tuchukue mfano tu: kitabu kikiwa shilingi 5,000, na kila ufunguo ukikubakishia faida ya shilingi 50, funguo mia zimekilipa. Baada ya hapo ni chako na cha mdogo wako. Vijana watano wakichanga, ni elfu moja kila mmoja. Viatu vya Idd ni zaidi ya hapo. Ila msikimbilie mikopo ya simu yenye riba. Baraka itoke wapi? Chama chetu kianzishe qardh hasan, mkopo usio na ziada, hata kwa jiliwa moja, seti ya tupa na kitabu. Na kabla ya kulipia mafunzo yoyote, ulizeni: nitavifungua vitasa kwa mikono yangu, au nitapewa cheti tu?

Liko jambo linalowatia hofu wazazi, nalo ni la haki. Ujuzi huu unafungua mlango wa mtu. Ataletwa kwako ufunguo uliokandamizwa kwenye kipande cha sabuni, usiuchonge. Atakuja mwenye nyumba akuambie umfungulie chumba cha mpangaji aliyechelewa kodi, mwenyewe hayupo. Mwambie alete amri ya mahakama. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alikuwa na ufunguo wa Al-Kaaba mkononi, akamrudishia Uthman bin Talha. Wengi katika wafasiri wanaieleza Aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, ya kurudisha amana kwa wenyewe, kwa tukio hilo. Ukoo wa Bani Shaiba wanaushika ufunguo huo hadi leo. Kwa hivyo aandikwe kwenye daftari kila mteja, jina na namba ya kitambulisho, na akikataa kuandikwa, aende.

Karatasi ya majina naiacha kwa katibu. Tutakutana Jumamosi ya kwanza baada ya Idd, inshaallah, na dada zetu pia wanakaribishwa; mama mjane aliyefungiwa nje usiku angependa afunguliwe na mwanamke mwenzake. Mwenye kitasa kibovu nyumbani asikitupe, aje nacho tukifungue tukione ndani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.