MSUMENO WA CHUMA HAUTAKI MBIO
(Maneno tuliyowaambia wanaushirika kwenye karakana ya kijiji)



Mvua za Singida ni za msimu mmoja tu, huanza Novemba au Desemba. Jembe la ng'ombe au mkokoteni usiotengenezwa kabla ya hapo utabaki bandani, na shamba litabaki pori. Nyembe za msumeno tunanunua kwa fedha zetu sote, nazo zinavunjika ovyo. Hebu tusikilizane.

Kwanza, someni wembe wenyewe. Mshale uliochorwa uelekee mbele, siyo kwenye mpini. Namba ni hesabu ya meno katika inchi 1: 18 ni kwa chuma kinene, 24 kazi za kawaida, 32 bomba na bati. Meno 3 au zaidi yawe juu ya chuma wakati wote, la sivyo jino litanasa na kung'oka. Kumbe darasa la watu wazima tulilosoma ukubwani halikuwa la kusomea barua tu!

Pili, kazeni wembe usilegee. Baneni chuma kwenye jiliwa, mahali pa kukatia pawe karibu na jiliwa kisitetemeke. Anzeni na alama ya tupa, wembe usiteleze.

Tatu, sukumeni kwa nguvu, rudisheni bila kukandamiza, maana meno hukata yakienda mbele. Tumieni urefu wote wa wembe. Mara 40 hadi 50 kwa dakika zatosha. Vijana wetu wanakwenda mbio kama wanapura mtama. Meno yanapata moto, yanakuwa butu, halafu wembe ndio unalaumiwa.

Nne, springi ya gari ni ngumu. Wembe ukiteleza msishindane nayo. Mhunzi aipashe mpaka iwe nyekundu, aifukie kwenye majivu ipoe polepole, ndipo mkate.

Tano, wembe ukivunjika, mpya usiingizwe kwenye mkato wa zamani, utabana. Geuzeni chuma, anzeni upande wa pili. Mkikaribia mwisho punguzeni nguvu, vidole havina duka.

Basi, anayechukua wembe aandike jina kwenye daftari la karakana, na arudishe hata kipande. Anayejua amfundishe mwenzake.