Kununua Shamba Mji Ukiwa Umezingirwa

(Hotuba iliyotolewa na mchungaji katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya usharika)



Kamati ya Yubile imenipa neno moja la kusema jioni hii, nalo ni tumaini kwa Mungu wakati wa dhiki na wa kungoja. Nalipokea kwa shukrani, lakini pia kwa tahadhari, kwa kuwa kungoja ni jambo ambalo asiyengoja hulisemea kwa wepesi mno. Twapenda kusema subira yavuta heri, na mara nyingi asemaye ni yule aliyekwisha kula. Kwa hiyo sitaanza na mawaidha. Nitaanza na habari za waliotutangulia.

Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kituo cha Kisarawe kikafunguliwa mwaka 1892, cha Maneromango mwaka 1895, na kanisa tuliitalo leo Azania Front likajengwa kati ya mwaka 1899 na 1902. Mkristo wa siku zile, akilitazama jengo lile pale bandarini, alikuwa na haki ya kudhani kwamba kazi imekwisha kushika mizizi. Kisha ikaja vita ya mwaka 1914. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar es Salaam. Wamisionari Wajerumani wakatiwa kizuizini, na kufikia mwaka 1920 walikuwa wameondolewa nchini. Katikati ya hayo, mwaka 1918, ile homa kuu iliyoizunguka dunia ikafika Afrika Mashariki na kuua watu wengi. Wajerumani hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925.

Kule Kilimanjaro walifika Waamerika wa Augustana mwaka 1922 kusaidia. Lakini mahali pengi katika nchi hii sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, watu wasio na mshahara wa uhakika, wala barua ya kuwaambia lini mambo yatatengenea. Sisi tukisoma leo twaona mwaka 1916 na mwaka 1925, tunatoa, twapata miaka tisa. Wao hawakuwa na hesabu hiyo. Ndugu zangu, hapo ndipo ulipo uchungu wa kungoja. Mwenye kujua siku ya mwisho hubana mkanda akahesabu. Asiyeijua hana la kuhesabu.

Wageni wetu wa dayosisi watanivumilia nikitaja pia jambo la utaratibu wa kanisa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 14, lataka kwamba asiitwe mtu kuhudumu sakramenti bila wito halali. Ubatizo wa dharura Mkristo yeyote aweza kuutoa, lakini Meza ya Bwana yahitaji mchungaji. Basi mwalimu ambaye hakubarikiwa aliweza kufundisha Katekisimo, kuongoza sala za asubuhi, kuzika na kufariji wafiwa, na kumbatiza mtoto aliye mahututi. Mkate na divai vilimsubiri mchungaji ambaye hakuna aliyejua atatoka wapi. Hata hivyo, Jumapili ilipofika, mwalimu huyo alikwenda akafungua mlango. Kuyahesabu tu kuwa yalikuwa mambo madogo ni kutoyaelewa.

Miaka 100 ya usharika huu yaturudisha kwenye miaka ile ya 1920. Tulizaliwa katika nyumba ya watu wanaongoja. Nao hao, au watoto wao, walingoja tena mwaka 1940, vita ya pili ilipowaondoa Wajerumani mara nyingine.

Nabii Yeremia, katika sura ya 32, yumo kifungoni, na jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Ndugu yake anakuja kumwuzia shamba huko Anathothi, mahali ambapo adui amekwisha kupafikia. Kwa akili za sokoni hilo ni shamba la hasara. Yeremia anapima shekeli kumi na saba za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri, kisha anamwagiza Baruku aiweke hati ndani ya chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Hakuambiwa kwamba yeye mwenyewe atalima shamba lile, na tujuavyo hakulilima kamwe. Alichofanya ni kulipa fedha na kutunza hati.

Yupo pia nabii mwingine, Hanania, katika sura ya 28. Huyu aliwapa watu tarehe: miaka miwili, na vyombo vya hekalu vitarudi. Watu walimpenda, nani asingempenda? Naye Yeremia akawaandikia waliohamishwa kwamba ni miaka sabini, basi wajenge nyumba, wapande bustani, na wauombee heri mji uliowachukua mateka. Katika jiji letu hili, toka Mbagala hadi Tegeta, kina Hanania hawakosekani. Mabango yao huahidi ajira, visa na uponyaji kabla ya Ijumaa. Nasema wazi kwamba kumpa mgonjwa tarehe ambayo Mungu hakuitoa ni ukatili, hata kukifanywa kwa nyimbo nzuri.

Jiji hili limewaona wangojaji wa kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake wa reli, bandari, posta na ndege waliachwa wakidai mafao yao. Nchi tatu ziligawana mali kwa mapatano ya mwaka 1984, lakini wazee wale waliendelea kudai, na ilipofika mwaka 2005 ndipo Serikali ilipofikia makubaliano nao mahakamani. Ni miaka ishirini na minane. Wengi walikwisha kuzikwa, na baadhi ya waliobaki waliendelea kulalamika hata baadaye. Nitawaambia nini wajane wao, kwamba subira yavuta heri? Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hujulikana katika mateso na msalaba. Basi naweza kumwambia mjane kwamba Kristo alilala kaburini Jumamosi nzima, na kwamba Mungu hakuwa mbali siku ile. Kisha niketi naye, na usharika umpelekee unga.

Sasa nina ombi. Walimu wa miaka ile ya 1916 hadi 1925 majina yao mengi hayamo katika vitabu, kwa kuwa walioandika vitabu hawakuwapo. Kamati ya Historia imeacha kurasa wazi kwa ajili yao. Mwenye cheti cha ubatizo cha babu au bibi, mwenye Katekisimo ya zamani yenye jina lililoandikwa kwa mkono, au aliyesikia nyumbani ni nani aliyekuwa akipiga kengele, amwone katibu wa usharika baada ya ibada ya Jumapili. Karatasi zenu zitanakiliwa na kurudishwa siku hiyo hiyo.