Mpira wa Maji Haushikwi na Mtu Mmoja
(Hotuba ya kumkumbuka mzee wa zimamoto wa Kanyenye)



Katika kuadhimisha miaka mia moja, wengi wanakumbukwa kwa yale waliyoyajenga. Saa hii ni ya kumkumbuka mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyaokoa yaliyojengwa na wengine. Mzee huyu alitumika katika zimamoto tangu ujana wake hadi alipostaafu. Alikuwa mume wa mke mmoja, baba, babu na mzee wa kanisa. Jina lake halitajwi, kwa agizo lake mwenyewe. Kabla ya kulala katika Bwana aliwaambia watoto wake kwamba mpira wa maji haushikwi na mtu mmoja, na kwa hiyo sifa za moto uliozimwa zisiandikwe kwa jina moja. Hata hivyo, wakazi wa Kanyenye watamtambua kabla hotuba hii haijafika katikati.

Tabora ni mji unaoujua moto. Mwezi Agosti 1871 askari wa Mirambo waliuvamia mji huu na kuichoma sehemu yake, na Stanley, aliyekuwa Kwihara, akaiona Tabora ikiwaka. Mwezi Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipoona boma lake limeangukia mikononi mwa Wajerumani, aliilipua ghala yake ya baruti kuliko kukubali kutekwa. Marehemu alipenda kuwasimulia vijana habari hizo, kisha akawaambia kwamba adui wa siku hizi haji na bunduki. Huja na kibatari kilichosahauliwa, jiko la mkaa lililoingizwa ndani, waya uliochakaa, au moto wa kusafishia shamba uliowashwa wakati wa upepo.

Alianza kazi wakati zimamoto ilipokuwa bado chini ya halmashauri za miji. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyoweka msingi wa Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Vyeo vilibadilika, sare zikabadilika, na namba ya 114 ikafundishwa mashuleni. Jambo moja halikubadilika: gari la zimamoto hubeba maji yenye kikomo, na pampu ikifunguliwa kwa nguvu zake zote, tangi huisha kwa dakika chache tu. Baada ya hapo lazima pawe na mahali pa kuchota tena. Wakazi wa Tabora, ambao kwa miaka mingi walitegemea Bwawa la Igombe kabla maji ya Ziwa Victoria hayajawafikia, wanaelewa maana ya neno hilo wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo ulipokuwa msalaba wa kazi yake. Mara nyingi watu hujaribu kwanza kuuzima moto wenyewe, na simu hupigwa wakati paa limekwisha kushika. Gari linapofika, njia imezibwa na vibanda. Maji yanapokwisha, umati hupaza sauti kwamba zimamoto wamekuja bila maji. Usiku mmoja marehemu alirudi nyumbani akiwa na jeraha kichwani. Halikuwa jeraha la moto. Lilikuwa la jiwe lililorushwa na mmoja wa wale aliokwenda kuwasaidia. Mkewe alimwosha damu, akamsihi aiache kazi hiyo. Alijibu kwamba aliyerusha jiwe alikuwa amepoteza nyumba, na mtu aliyepoteza nyumba hahesabiwi maneno yake wala mawe yake. Kulipopambazuka alikwenda kwa jamaa ile na chepeo, akawasaidia kuondoa majivu, wala hakulitaja jiwe.

Lakini lilikuwako jeraha lingine ambalo halikupona. Katika moto mmoja mtoto alipatikana chini ya kitanda, amekwisha kufa kwa moshi, wala mwali haukumgusa. Mtoto akiogopa hujificha. Na moshi huua kabla ya moto. Tangu siku hiyo marehemu aliomba nafasi katika Shule ya Jumapili kila mwaka. Aliwasomea watoto habari za vijana watatu katika tanuru, kitabu cha Danieli, sura ya 3. Kisha aliwafundisha kutambaa chini ya moshi, kutoka nje bila kuchukua kitu, na kutojificha kamwe. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba hayo si mafundisho ya kanisani. Yeye alisema kwamba Mungu aliyewalinda wale watatu ndiye aliyewapa wanadamu akili ya kuutafuta mlango.

Nyumbani alikuwa mtu wa kicheko. Kazi ya zamu ilimnyima sikukuu nyingi, na kuna Krismasi ambazo watoto wake walikula chakula saa nne usiku kwa sababu walikataa kuanza bila baba. Mkewe alizoea kulala na sikio moja wazi. Huyo naye ni mtumishi, na heshima ya leo ni yake pia, kwa kuwa kila mzimamoto anayetoka usiku huacha nyuma yake mtu asiyelala.

Alipostaafu hakupumzika. Katika ibada za nyumba kwa nyumba, mara baada ya sala ya kufunga, alimwuliza mwenye nyumba swali lile lile: "Ufunguo wa geti uko wapi?" Nyumba nyingi zimewekewa nondo madirishani na kufuli mlangoni kwa kuwaogopa wezi, na ufunguo hutafutwa gizani wakati moshi umejaa. Walimcheka, lakini nyumba nyingi za Kanyenye leo zina msumari karibu na mlango, na ufunguo unaning'inia hapo.

Siku ya maziko yake watani walifika na ndoo ya maji, wakamimina kidogo pembeni mwa kaburi, wakisema mzee asifike huko akasingiziwa tena kwamba amekuja bila maji. Wafiwa walicheka na kulia kwa pamoja. Mjane wake alisema kwamba hakuna aliyemwelewa mumewe vizuri kuliko watani wale.

Ndugu wapendwa, usharika unaoingia karne yake ya pili umeachiwa urithi mwepesi kuubeba. Njia ya kuingia katika kiwanja cha kanisa iachwe wazi. Watoto wafundishwe kila mwaka. Simu ya 114 ipigwe mapema, siyo baada ya kukata tamaa. Anayefika na mpira wa maji apokewe kama ndugu, ashikiwe mpira huo, aonyeshwe kisima kilicho karibu. Na kila mwenye nyumba, atakaporudi kwake jioni ya leo, aangalie ufunguo wake uko wapi.

Bwana ampe mtumishi wake pumziko la milele, na jamaa yake faraja. Amina.