Maji ya kijani ya Kituku: maneno yetu mbele ya salongo ya ziwa

Siku ya posho kila mtu iko na kazi yake, kwa hiyo hatutawakawisha.

Tuanze na kitu tuliona hapa hapa. Binti mmoja, labda wa miaka kumi, alifika na bidoni ya manjano. Juu ya maji kulikuwa utando wa kijani. Akausukuma na mkono, hivi na hivi, kisha akazamisha bidoni. Tukamuuliza: mbona unachota fasi hii? Akatujibu: «Mama atachemsha.» Ni jibu la mtoto mwenye akili. Tangu kipindupindu cha 1994 mji wote ulifundishwa vile: chemsha, ao tia klori. Kwa kipindupindu ni kweli na musiache hata siku moja. Lakini kwa ule utando, kuchemsha inaweza kukosa kusaidia kabisa, na hiyo ndiyo ilituleta mbele yenu leo.

Si kila kijani ni kibaya. Wengine kati yetu walisoma biolojia kwa chuo kikuu, na kwa kuwa diploma iko inalala ndani ya kabati, wacha angalau ifanye kazi leo. Ukiona kama manyoya ya kijani yanayoshika kwa majiwe ya volkano, yale ambayo batoto wanatelezakaka juu yake, hayo ni mwani wa nyuzi. Chukua kijiti, uzungushe: zile nyuzi zitaning'inia kwa kijiti sawa nywele za kichwa. Huo mwani unachukiza, lakini haukuui. Ukiona majani yenye mizizi, shina na maua, hayo ni majani ya maji, tutayarudilia. Lakini ukiona maji yanafanana na rangi ya nyumba iliyomwangika, ukizamisha kijiti kinatoka kimepakwa tu, hakuna nyuzi hata moja, hapo usimame. Ile inaweza kuwa sianobakteria. Ni vijidudu vidogo sana vinavyoishi na mwanga wa jua kama majani, na aina zingine zinatengeneza sumu inayoshambulia maini.

Kuna njia ingine ya kupima, nayo haiombe franga. Jaza chupa ya plastiki ya kuonekana ndani, usiijaze mpaka juu, uiache mahali pamoja usiku muzima bila kuitikisa. Asubuhi, kama kijani kimeshuka chini, sana sana ni mwani wa kawaida. Kama kimepanda juu na kufanya duara shingoni mwa chupa, ogopa. Kipimo hiki hakikuambii kama sumu iko ao haiko, kwa sababu macho haionake sumu, sawa vile hatuonake mazuku. Kinakuambia tu: maji haya usiyanywe, usiyaogeshe mtoto, usimunyweshe mbuzi.

Na kwa nini kuchemsha haisaidie? Kwa sababu kidudu cha kipindupindu kikikufa, shida imeisha. Sianobakteria ikikufa inapasuka, na ile sumu ilikuwa ndani yake inatoka nje kwenye maji, na moto wa sufuria hauivunje. Kuchuja na kitambaa pia, haitoshi. Dawa ya siku hiyo ni moja tu: kuchota fasi ingine, mbali na utando. Upepo unausukumaka kwenye kona moja ya ufukwe, kwa hiyo uende upande ule upepo unatokea, ambako maji ni meupe. Kisha unachemsha ao unatia klori kama kawaida, juu ya kipindupindu.

Hatusemi kama maji ya Kituku yote yana sumu. Mtu asitoke hapa na kupiga simu Bukavu eti ziwa limekufa! Ziwa Kivu upande wa juu ni ziwa maskini wa chakula, ndiyo maana katikati ni bluu. Chakula cha mwani, yaani fosforo na azoti, kiko kimefungiwa chini. Ziwa hili lina kina cha karibu metre 485, na kushuka chini ya metre 70 hivi hakuna oksijeni, kuna gesi na maji mazito yasiyopanda. Kila mwaka kiangazi, Juni mpaka Septemba, upepo unachanga maji ya juu, chakula kidogo kinapanda, mwani unaongezeka, na vijidudu vinavyokula mwani vinakuwa chakula cha sambaza. Hiyo ni kazi ya Mungu na inatulisha. Shida ni ufukweni, ambako chakula hakitoke chini. Kinatoka kwetu.

Muangalie mji. Goma imejengwa juu ya majiwe ya moto, yale ya 1977, ya 2002 na mengine ya zamani sana. Kuchimba choo kirefu ni shida, na mfereji wa kupeleka maji ya vyoo mahali pa kusafishwa hauko. Mvua ikinyesha, ya vyoo, ya soko, ya kufulia na sabuni, vyote vinapita katika nyufa za majiwe na kuteremuka ziwani. Halafu tunakuja na bidoni kuchota palepale. Tuseme ukweli bila haya: ule utando tunaulisha sisi wenyewe, lakini si sisi tulikataa kujenga mifereji.

Kuna na lingine, ni la wakubwa. Mwezi wa saba 2022, Kinshasa ilitangaza mnada wa bloki tatu za gesi katika Ziwa Kivu. Ng'ambo, Karongi, mtambo wa KivuWatt tayari unatoa megawati 26. Kutoa gesi ni kupandisha maji ya chini, yale yenye chakula kingi. Yakirudishwa kwenye kina, ni vizuri. Mtu akiyamwanga juu ili apunguze gharama, ziwa zima linaweza kuwa kijani na sambaza ikakosa pumzi. Kwa hiyo kila mkataba uandike wazi maji yatarudishwa metre ngapi, na mkataba ule usomwe na wanainchi.

Sasa yale majani ya maji. Wazee wa mto Kongo wanayajua tangu miaka ya 1950, wakayaita «Kongo ya sika», Kongo mpya. Ni gugu maji, lenye maua ya zambarau na shina limevimba kama sponji, likiwa na hewa ndani. Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria, mitumbwi ilishindwa kutoka bandarini. Walileta wadudu wanaokula gugu lile, miaka ya 1990, likapungua sana, kisha likarudi, maana chakula cha uchafu kiliendelea kuingia. Ukiliona kwenye bwawa lako la samaki kule Sake ao Rutshuru, ling'oe kabla ya kutoa maua, ulianike mbali na maji, maana mbegu zake zinalala ndani ya matope miaka mingi. Lakini matete na mafunjo, tafadhali, musikate. Yale yanachuja uchafu bila kulipwa.

Wenye mabwawa, mukiona samaki wanapanda juu alfajiri kutafuta hewa, musiongeze mbolea: mwani umetumia oksijeni usiku. Na mtu asimwange sulfati ya shaba ziwani eti anasafisha. Inaua samaki, na inapasua sianobakteria zote siku moja.

Kwa meri na kwa wale wenye kazi ya kutupa maji: katiba yetu, kipengele cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Tunaomba maji ya ufukwe yapimwe kila mwezi fasi tunachotea, na matokeo yabandikwe hapa, kwa Kiswahili. Tunaomba bomba za kartye zianze kutoa maji, ili yule binti asishuke tena huku. Tutarudi kuuliza, bila mawe na bila vurugu, lakini tutarudi.

Basi, kazi. Reki ziko kwenye chukudu ya kwanza, mabuti na ganda za mikono kwenye ya pili. Mwenye kidonda asiingie majini. Mwani tunaotoa haubaki ufukweni, kwa sababu ukioza unarudisha chakula ndani ya maji. Tutaupandisha mpaka kule juu ya barabara. Na pale kwenye kona ya kijani kama rangi, hakuna mtu anaweka mkono. Tumeweka kamba.