Jibu Limfuate Mgonjwa: Mazungumzo Kuhusu Vipimo Vidogo vya Vinasaba



Kila siku boti huondoka bandari ya Unguja kuelekea Dar es Salaam, na abiria wakishateremka karibu na Kivukoni, wengi hushika njia ya Kariakoo kununua bidhaa. Ndani ya boti, katika daladala na katika vichochoro vya maduka, watu hukaa bega kwa bega. Katika hali hiyo mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu asiyetibiwa huweza kumwambukiza mwenziwe kwa njia ya hewa, hali ya kuwa mwenyewe hajui kama anaumwa. Kwa hivyo namna ugonjwa huo unavyopimwa ni jambo linalowahusu watu wa pande zote mbili za bahari.

Ufukwe wa Kivukoni una historia yake katika habari hii. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani, ilifunguliwa mwaka 1897, na mwaka huo huo Daktari Robert Koch alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Huyo ndiye aliyetangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi, 1882, kwamba amekigundua kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo, hadubini ndiyo iliyokuwa tegemeo la upimaji. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa Tanzania Bara mwaka 1977 kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo, uliitegemea hadubini hiyo, na utaratibu wake ukaja kufuatwa na nchi nyingi duniani.

Hata hivyo, hadubini ina upungufu. Yahitajika vijidudu kiasi cha 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo fundi aweze kuviona kwa uhakika. Tena akishaviona, hawezi kujua kama vimekuwa sugu kwa dawa.

Mnamo Disemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine iitwayo GeneXpert. Makohozi huchanganywa na dawa ya maji, yakatiwa katika katriji, na katriji ikawekwa ndani ya mashine. Mashine huvipasua vijidudu, huchukua vinasaba vyao, na kuvizidisha nakala kwa nakala hadi vitambulikane. Vijidudu kiasi cha 130 tu katika mililita moja vyatosha. Jibu hupatikana kwa muda usiofika saa mbili, pamoja na habari kama vijidudu hivyo vinastahimili rifampisini, dawa muhimu ya matibabu. Mgonjwa mwenye usugu huo huhitaji dawa nyengine. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza kuwatibu wagonjwa wa aina hiyo mwaka 2009.

Bei nayo imeshuka. Kwa nchi zenye kipato kidogo, katriji moja iliyouzwa karibu dola 17 ilipungua ikawa chini kidogo ya dola 10 mwaka 2012, na chini kidogo ya dola 8 mwaka 2023. Kwa sehemu zisizo na umeme wa uhakika, kifaa cha Truenat kutoka India, kitumiacho betri, kiliidhinishwa na Shirika hilo mwaka 2020. Aidha, Januari 2025, homa ya Marburg ilipozuka Biharamulo, virusi vilitambuliwa katika maabara inayohamishika huko huko Kagera, kisha vikathibitishwa Dar es Salaam.

Pamoja na sifa hizo, kipimo si tiba. Matokeo ya utafiti uliofanywa Mbeya na katika miji ya Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe yalichapishwa mwaka 2014. Yalionyesha kwamba nesi aliyefunzwa kwa siku moja aliweza kuitumia GeneXpert vyema katika kliniki, na wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ile ile. Lakini ilipofika mwisho wa utafiti, hali za wagonjwa hazikutofautiana na za wale waliopimwa kwa hadubini, kwani madaktari walikuwa wakiwaanzishia dawa wagonjwa wengi kwa kutazama dalili zao.

Funzo lililopo ni kwamba faida ya mashine hutimia pale jibu linapomfikia mgonjwa na mgonjwa akatibiwa. Msafiri anayepimwa Dar es Salaam asubuhi, kisha akapanda boti ya mchana bila ya kuchukua jibu, huuwacha ugonjwa wake umeandikwa katika daftari la watu wengine.

Kwa hiyo wananchi wanaombwa kwenda kupimwa wanapokuwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito. Wakipimwa, watoe anwani ya kweli, wasubiri jibu, na waseme mapema iwapo watasafiri ili waelekezwe kituo cha karibu na kwao. Wakuu wa Idara wanaombwa kuwapa ruhusa watumishi wanaokwenda kupimwa, na kutomtenga anayeumwa. Katika vituo vya Serikali vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila ya malipo, na ugonjwa huu hupona kwa mgonjwa kumaliza dawa zake zote.