Kiharusi: Picha Kwanza, Dawa Baadaye

Kosa linalojirudia mno majumbani kiharusi kinapotokea, licha ya maonyo yote yanayotolewa, ni kumpa mgonjwa dawa iitwayo ya kuyeyusha damu kabla haijajulikana ni nini kimetokea ndani ya ubongo wake. Mzee huamka alfajiri mdomo umekwenda upande, kikombe kinamponyoka, maneno hayaeleweki. Papo hapo mtu hutumwa duka la dawa, aspirini ikasagwa kwenye kijiko na kumiminwa kinywani mwa mtu ambaye pengine hata kumeza hawezi, nayo ikaingia kwenye njia ya hewa.

Kiharusi ni cha aina mbili: kimoja hutokana na bonge la damu kuziba mshipa wa ubongo, kingine hutokana na mshipa kupasuka na damu kuvuja. Kwa macho hufanana, na hata daktari bingwa hawezi kuvitenganisha kwa uhakika bila picha ya ubongo kama ya CT, hivyo anayetanguliza dawa huweza kuwa anazidisha uvujaji kwa mkono wake mwenyewe.

Tena heparini ya sindano na warfarini ya vidonge, ambazo ndizo dawa hasa za kuzuia damu kuganda, haziyeyushi bonge lililokwisha kuziba, bali huzuia lisikue na mengine yasijitokeze. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 19,000, ulionyesha kuwa heparini ilipunguza viharusi vipya vya kuziba lakini ikaongeza vya kuvuja kwa kiasi kinachokaribiana, faida ikamezwa na madhara. Kinachoyeyusha bonge ni dawa kama alteplesi, ambayo hutolewa hospitalini ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na muda huo ndio unaoteketezwa kwa kusaga vidonge na kuchua mafuta.

Warfarini ina mahali pake, hasa kumkinga na kiharusi mtu ambaye moyo wake hudunda bila mpangilio, kwa kipimo cha damu kiitwacho INR kinachotakiwa kwa kawaida kuwa kati ya 2 na 3. Lakini wapo wanaopuuza kipimo hicho, kisha wakajinunulia dawa ya maumivu ya magoti, diklofenaki, wakaishia kutapika damu.

Basi mgonjwa alazwe kwa ubavu, asipewe chochote mdomoni, saa ya dalili kuanza iandikwe, na dawa azitumiazo zibebwe pamoja naye, kwa kuwa aliyemeza warfarini huenda asifae kupewa alteplesi. Dawa ya kuzuia damu kuganda iamuliwe na daktari, baada ya picha.