BIBI YETU NA KOPO LA BOTI

(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, 2025)



Taarifa ya hisa na mikopo ataisoma Mweka Hazina, na anaijua kuliko sisi. Kamati imetupa kazi nyingine, ya kumzungumza Bibi yetu, mwanachama namba tatu katika daftari, aliyetutoka mwaka jana, 2024, masika yalipokwisha. Jina lake kamili limo katika daftari hilo. Hapa tutamwita Bibi tu, kwani ndivyo alivyoitwa na kila mtu, hata na watu waliomzidi umri.

Vijana mliopo hapa mmemjua akiwa mzee wa fimbo. Sisi tulimjua akiwa na mizani begani. Miaka ya themanini kijiji kilimchagua awe mhudumu wa afya. Alikuwa tayari mkunga wa jadi, kazi aliyofundishwa na mama yake. Wakati huo Kibiti yote ilikuwa ndani ya Wilaya ya Rufiji na makao makuu yalikuwa Utete, ng'ambo ya mto. Ukitoka huku delta unangoja maji yajae, unapanda mtumbwi, unatafuta gari, halafu unangoja kivuko. Bibi alikwenda huko kusoma akiwa na mtoto mgongoni. Akarudi na sanduku la dawa, mizani ya kupimia watoto na daftari. Mshahara hakurudi nao, na mpaka anakufa hakuwahi kuupata. Kijiji kilimlimia shamba la mpunga msimu mmoja, msimu wa pili watu wakasahau. Yeye hakuwakumbusha.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutembea. Ndugu zangu, kutembea kwetu si kama kutembea Kibiti mjini. Ni tope, ni mikoko, ni kuvua viatu na kuvishika mkononi. Wakati wa mpunga watu wanahamia madunguni kulinda ndege na nguruwe, na watoto wanahama nao. Bibi aliwafuata huko huko, anatundika mizani kwenye mti wa dungu, anapima, anaandika kwenye kadi. Mama asiyekuwa na kadi alimwambia, "Mtoto wako hana kadi, sasa mimi nitamjuaje kama anakua au anavimba?"

Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilikuja na kipindupindu, na nchi nzima iliumia. Bibi alipita nyumba kwa nyumba akifundisha maji ya chumvi na sukari. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Alitulazimisha tuyaseme kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Wapo waliokasirika, eti watu wazima wanafundishwa kukoroga maji. Lakini mpaka leo ukimwuliza mwanamke yeyote wa umri wetu hapa kijijini, atakutajia bila kukosea. Mwuelekezeni na vijana wenu, maana sasa tunakimbilia duka la dawa hata saa ambazo duka limefungwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1999 binti yake wa pili alijifungua usiku, mikononi mwa Bibi. Mtoto alitoka salama, kondo likatoka, kisha damu ikaanza na haikukata. Tukambeba mpaka gatini. Maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi umekaa juu ya tope. Wanaume walijaribu kuusukuma, wakazama mpaka kiunoni. Tulikaa pale tukingoja maji yapande. Wauguzi wanatufundisha kuwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Maji yetu yanachukua kama saa sita kutoka kupwa mpaka kujaa. Hesabu hiyo hata asiyekwenda shule anaiweza.

Bibi alimlea yule mtoto pamoja na wajukuu wengine wawili. Alimlea kwa uji na kwa maziwa ya kuazima, na kina mama wawili waliokuwa wananyonyesha, mmoja wao yupo hapa amekaa safu ya pili, walimnyonyesha kwa zamu. Hatukumsikia Bibi akimlaumu mtu. Ila tangu mwaka huo alibadilika. Ukimwita wakati wa uchungu alikuja, lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Boti iko wapi?" Alituambia, "Mikono hii inajua kumpokea mtoto, haijui kuongeza damu." Wakunga wenzake walimnunia, wakaona anaiharibu kazi yao. Baadaye Serikali nayo ikasisitiza kila mama ajifungulie kwenye kituo na mkunga wa jadi awe msindikizaji. Bibi alikuwa ameshasindikiza miaka mingi.

Mwaka 2011 tulisikia kuwa Taasisi ya Afya Ifakara imeanza mpango wa vijana wa afya ya jamii, wale walioitwa WAJA, katika vijiji vya Rufiji, Kilombero na Ulanga, wanasomeshwa miezi tisa na wanalipwa. Tulidhani Bibi atanung'unika. Akacheka, akasema, "Afadhali wameona kuwa miguu nayo inakula." Mpango ule ulidumu miaka michache ukaisha.

Tulipoanzisha kikundi mwaka 2015, Bibi alinunua hisa moja moja, kwa hela ya ukili na mikeka. Kila mkutano tulikuwa tunaweka shilingi mia tano za mfuko wa jamii ndani ya sanduku, na sanduku lina kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu wanaokaa mbalimbali, mmoja ng'ambo ya mkondo. Ndivyo tulivyofundishwa, na ni vizuri, wizi hatujauona. Bibi akasimama kwenye mkutano akauliza, "Uchungu ukimshika mtu saa nane usiku, nani atawakusanya hawa wa funguo?" Alitaka sehemu ya mfuko ikae nje ya sanduku, nyumbani kwa mtu, iwe ya boti na petroli tu.

Jamani, tulibishana mikutano mitatu. Katiba inasema sanduku lifunguliwe mbele ya wanachama wote. Fedha kukaa ndani kwa mtu, tena ukiwa na watoto na njaa, ni mtihani. Mwisho tukakubaliana: kopo la maziwa ya unga, daftari lake, mashahidi wawili kila likifunguliwa, na kopo akae nalo Bibi mwenyewe. Safari ya kwanza ilikuwa mwaka 2016. Mwenye boti ya mashine ni mjukuu wake, na alitoza nauli kamili. Watu wakashangaa. Bibi akamlipa mbele yetu, akasema, "Mjukuu ni mjukuu, petroli ni petroli." Tunaamini ndiyo sababu boti ile haikukataa safari hata moja.

Daftari la kopo lina safari 31. Akina mama wote 31 walirudi nyumbani kwa miguu yao. Watoto wawili hawakurudi, na Bibi aliwaandika nao.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, nasi hapa tukala akiba. Wapo waliotaka kopo livunjwe tununue unga. Bibi alikuwa mgonjwa, amelala. Alituita, akatoa mkufu wake wa fedha, akasema tuuze huo kwanza. Tuliuuza. Tuseme ukweli, haukutosha unga wa siku nyingi, lakini kopo halikuguswa.

Sasa yamezuka maneno kuwa kopo lirudishwe sandukuni ili mgao wa mwaka uongezeke. Wanaosema hivyo si watu wabaya, na wana hoja. Utafiti wa Taifa wa 2015–16 ulihesabu vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukahesabu 104. Ni jambo la kumshukuru Mungu na kuwashukuru wauguzi wetu. Lakini takwimu hizo ni za nchi nzima, zina wa Dar es Salaam anayepanda bajaji mpaka mlangoni kwa daktari. Huku kwetu maji bado yanakupwa. Ukishafika Nyamisati bado una barabara ya kwenda Bungu, na masika unaijua mwenyewe. Kamati imekaa, na msimamo wetu ni kwamba kopo libaki nje.

Ila uamuzi ni wa wanachama, Jumamosi ijayo baada ya alasiri, hapa hapa chini ya mwembe. Kwa sasa kopo lipo kwa Katibu, lina shilingi 186,000, na petroli imepanda tena. Tukikubaliana libaki, atahitajika wa kukaa nalo. Anayejiona anaweza aje siku hiyo pamoja na mume wake, au mtoto wake mkubwa, naye atamke kuwa amekubali, kwa sababu mlango wa nyumba hiyo utakuwa unagongwa usiku.